Tairi la Mkwe

Wazee walipoketi kuigawa ile karakana ya pancha, walitenda haki, lakini haki ya watu wasiowahi kuziba hata ndala. Mume alipewa pampu ya upepo na jeki. Mke akapewa mashine ya kuvulia matairi pamoja na meza ya viraka. Hakuna aliyejiuliza tairi lililovuliwa litajazwa na nani, wala lililojaa litavuliwa na nani. Wakanywa chai, wakafuta midomo, wakaenda zao, wakawaacha watalaka wawili chini ya bati moja, na mstari wa rangi nyeupe sakafuni katikati yao.

Huo ulikuwa mwaka wa pili. Mtaa ulishawabatiza: mwanamke Bi Mashine, mwanamume Bwana Upepo. Hawakusemeshana. Palipokuwa na neno, lilipitia kwa mteja, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule.

"Mwambie huyo alete upepo," Bi Mashine alikuwa akisema.

"Mwambie ninao wa kuuza tu. Wa bure niliumaliza kwenye ndoa."

Na mteja hakuwa na la kumwambia mtu, maana kati yao palikuwa na hatua tatu, na masikio wote walikuwa nayo.

Asubuhi hiyo lilikuja gari lililotangulia kusikika ndipo likaonekana. Lilikuwa rangi ya bilinganya, fupi, tumbo chini, kama linalotafuta sindano iliyoanguka. Mwenyewe alikuwa mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, ndoa ya miezi minne. Bi Mashine alimpenda kama mtu anavyopenda jiwe kwenye wali. Bwana Upepo alimpenda sana; alishapandishwa gari hilo mara mbili, na mara zote mbili alishuka anacheka peke yake.

"Shikamoo baba! Shikamoo mama!" mkwe alisema akitoka. "Tuna haraka. Tairi la nyuma linapungua upepo, na la akiba sina."

Binti aliteremka upande wa pili, simu mkononi. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa kuripoti kazini, kwenye maabara ya hospitali, mji ulio mbali. Watu wengine huko hufika kwa saa sita. Mkwe alijisifu kwamba yeye hutumia nne.

"Linapungua, au limekwisha?" Bi Mashine aliuliza, akilitazama tairi. Lilikuwa la aina ile ya magari ya mbio, pana, ubavu mwembamba kama ganda la chungwa. Rimu ilikuwa imekaribia kubusu ardhi.

"Limepungua kidogo tu, mama."

Bwana Upepo alishachomeka jeki. Akalegeza nati, akanyanyua gari, akavua gurudumu, akalivingirisha upande wake wa mstari huku akipiga mluzi. Akaonyesha kwa kidole: skrubu imezama kwenye mpira, si katikati, bali kule ukingoni ambako tairi linaanza kujikunja kwenda ubavuni.

"Kazi ya dakika tano," alisema. "Natoa skrubu, nachoma utambi, najaza upepo, mnaondoka."

Utambi ni kile kiuzi kinene chenye gundi kinachosukumwa tunduni kwa msumari wenye mpini, kutoka nje, bila kulivua tairi. Kwa toroli ni dawa nzuri.

"Mkwe," alisema Bi Mashine, "mwambie huyo kwamba tairi la mwendo huo halizibwi kwa nje kama gunia la viazi. Alilete huku nilivue, nione ndani. Tundu likiwa katikati na ndani pazima, naziba kwa kiraka cha uyoga, mkia unapita tunduni, kofia inabaki ndani. Likiwa ukingoni hivyo, halizibwi na mtu yeyote. Linatupwa."

"Baba, mama anasema..."

"Nimesikia anachosema. Mwambie mashine yake ikae na njaa. Mwaka mzima anatafuta sababu ya kuvua matairi ya watu."

"Mwambie simtozi mtu hata sumni. Nataka kuona ndani tu."

"Mwambie akitaka kuona ndani, akaone ndani ya moyo wake, kuna giza la kutosha."

Mkwe akacheka. Hapo ndipo Bi Mashine alipomchukia rasmi. Zamani alikuwa akifanya mazoezi tu.

Bwana Upepo aling'oa skrubu, tundu likapumua pumzi yake ya mwisho. Akakwaruza, akachoma, akasukuma, akavuta, utambi ukabaki umetoa mikia miwili kama panya mapacha. Akafungulia pampu. Tairi likavimba. Akalimwagia maji ya sabuni, akainama, akangoja. Hakuna povu.

"Tazameni!" alisema, mikono kiunoni. "Kavu kama salamu za watu fulani."

Bi Mashine alinyoosha mkono juu ya mstari, miguu ikibaki kwake, akapitisha kiganja ubavuni mwa tairi. Palikuwa na joto bado. Na palikuwa na mkunjo, pete nzima ya mikunjo midogo imezunguka ubavu, kama ngozi ya kiwiko cha mzee. Kiganja chake kilikuwa kimegusa matairi miaka ishirini na sita. Kwa mambo ya mpira hakikuwa na ushabiki.

"Umeliendesha likiwa tupu toka wapi?" alimuuliza mkwe.

"Aah, hapo tu."

"Hapo wapi?"

"Mama naye!" binti alidakia, macho kwenye simu. "Taa ya tairi iliwaka tulipotoka kituo cha mafuta cha njia panda, basi tukaja polepole. Kuna ubaya gani?"

Kituo cha njia panda kilikuwa kilomita kumi na moja. Mkwe alitazama viatu vyake, vyeupe, vya siku hiyohiyo. Kusimama kandoni mwa barabara, magari ya wenzake yakimpita yeye amechuchumaa kando ya tairi bapa, hilo lisingewezekana.

"Kilomita kumi na moja rimu inakalia mpira," Bi Mashine alisema. "Ndani humo pamesagika. Hata tundu lingekuwa halipo, tairi hili limekufa. Mtalipeleka kasi mia mbili lipasuke ubavu, na wewe, mwanangu, umekaa upande huohuo."

"Siendi mia mbili, mama. Mia na themanini."

"Basi mtazikwa taratibu."

"Mama!" Binti aliweka simu mfukoni. "Wewe hukumtaka tangu siku ya posa. Harusini ulikaa umenuna kama umefiwa. Sasa baba ameziba tairi, halivuji, umeliona kwa macho yako, bado unatafuta. Acha wivu. Ndoa yako ikivunjika si lazima ya kila mtu ivunjike."

Watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Bwana Upepo alikohoa, akaliinua gurudumu kwenda kulirudisha. Kwa kweli maneno hayo yalimgusa hata yeye, lakini ushindi ni ushindi, na alikuwa hajaupata siku nyingi.

Bi Mashine alisimama akifikiri. Akiwaomba, watacheka. Akilia, watasema igizo. Akilala mbele ya gari, mkwe atarudi nyuma na kupita pembeni, gari dogo lile linapita popote. Saa nne baadaye watu wasiowajua wangekuwa wanaokota karatasi za ajira za binti yake kandoni mwa lami. Alivuta droo ya meza ya viraka, akatoa kisu cha kukatia mpira, akakichovya kwenye beseni la sabuni ili kiteleze kwenye mpira. Kisha akauvuka mstari.

Alifika kabla gurudumu halijapanda kwenye boliti zake, akalipiga teke likalala chali.

"Mwambie huyu arudi kwake!" Bwana Upepo alipiga kelele.

Bi Mashine alilikalia kama kigoda. Kwanza akang'oa sindano ya valvu, tairi likapiga mluzi mrefu chini ya gauni lake, akangoja mpaka likanyamaza kabisa. Hata kwa hasira hakuwa mtu wa kuchoma tairi lenye upepo, alishaona lililomng'oa mtu meno. Upepo ulipokwisha akasimama, akaweka goti, akazamisha kisu ubavuni na kukivuta kwa mikono miwili, urefu wa kiganja kizima, kisha kingine.

Mkwe alipiga ukelele ambao gari lake lenyewe halijawahi kuufikia.

"Umefanya nini? Unajua tairi hilo linaagizwa wapi? Mama, wewe ni mchawi! Ni mchawi mchana kweupe!"

"Mchawi angekuacha uende," alisema Bi Mashine, akifuta kisu kwenye kanga.

Binti hakupiga kelele. Alikuja mpaka karibu, akamtazama mama yake kama anayesoma bango la kituo asichoshuka.

"Kesho nakosa kazi. Unajua hilo?"

"Piga simu, waambie gari limeharibika."

"Limeharibiwa."

"Waambie hivyo basi."

Bwana Upepo alikuwa amepiga magoti kwenye tairi. "Ngoja," alisema. "Ngoja niwaonyeshe. Ndani humu ni pazima kabisa, kaharibu mali ya mtoto wa watu kwa roho mbaya yake." Akaingiza mkono kwenye mpasuko, akapapasa, akautoa.

Kiganjani kulijaa unga mweusi, chenga za mpira kama majani ya chai. Akauingiza mkono tena, akatoa unga mwingine, na safari hii ukaja na vinyuzi, nyuzi za mwili wa tairi zenyewe, zimekatika. Alikaa na lile rundo mkononi. Ule mluzi wa asubuhi ulikuwa umekwisha.

"Umesema kidogo tu," alimwambia mkwe.

"Baba, mimi sikujua kwamba..."

"Nimeziba tairi hili. Nimelijaza kwa mkono wangu, nimpandishe mwanangu." Akamwagia ule unga kwenye kiatu cheupe cha mkwe, polepole, kama anayenyunyizia bustani. "Chukua bodaboda. Nenda mjini katafute tairi. Usiniletee la mtumba."

Mkwe alitaka kusema neno, akaangalia kisu, akaangalia mzee, akachagua kusimamisha bodaboda. Aliondoka bila kuaga.

Unaweza kudhani binti, baada ya kuuona ule unga, alimwangukia mama yake shingoni. Hata. Aliutazama unga, akamtazama mama.

"Hata kama. Ungesema."

"Nilisema."

"Ungesema vizuri! Kila neno lako lina mwiba. Mtu atajuaje lini unatuonya na lini unatutukana?"

Hilo lilimchoma Bi Mashine kuliko lile la wivu, maana lilikuwa na ukweli, na ukweli hauzibwi kwa nje.

Binti aliingia ndani ya gari, pale pale lilipoinuliwa, gurudumu moja halipo, akafunga milango kwa ndani na kupandisha vioo.

"Toka humo, liko juu ya jeki," Bi Mashine alisema.

Binti aligeuza uso.

"Nasema toka, jeki si ya kuaminiwa!"

Akaweka redio.

Bi Mashine alitafuta gogo, akalivuta, akapiga magoti kwenye mafuta na vumbi, akalisukuma chini ya gari karibu na mhimili. Halikutosha. Akaongeza kipande cha ubao, kisha kingine, akagonga kwa nyundo mpaka vikakaza. Juu yake binti alihisi kila pigo kwenye kiti, na kwa kila pigo akaongeza sauti ya redio.

Kazi ilipokwisha Bi Mashine aliinuka akishika mgongo, akavuta kigoda na kukaa nje ya mlango wa binti yake.

Binti akaweka kiwiko kwenye honi, akakiacha hapo. Mtaa mzima ukatoka kutazama. Bi Mashine akasogeza kigoda karibu zaidi.