Pete ya Bi Naziha

Mwaka ule wa korona, Ramadhani iliingia Baghdad kimyakimya, kama mgeni asiye na hakika ya kukaribishwa. Jioni hakuna kutoka. Mikahawa imefungwa, viwanja vimefungwa, na hata Idi watu walishaambiwa wataila ndani.

Wengi walilivumilia jambo hili. Ghazwan lilimshinda. Tangu wafuturu alikuwa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga, na Rusul, mkewe, aliosha vyombo kwa sikio moja tu. La pili lilikuwa kwenye simu ya mumewe.

"Nahodha, umekuwa mwali siku hizi?" sauti ya Sattar, mchezaji mwenzake, ilitoka kwa nguvu. "Ghala tumepata, mlango tutaufunga, watu wa Kadhimiya wako njiani. Usipokuja nitawaambia umewakimbia!"

Ghazwan alikuwa nahodha wa mtaa wa Fadhl katika mchezo wa pete. Kila Ramadhani wanaume kwa mamia hukaa safu kwa safu, ngumi zimefumbwa, pete imo katika ngumi moja tu, na nahodha wa upande wa pili hupita mbele yao akisoma nyuso: jicho linalokwepa, mshipa wa shingo unaopiga mbio, jasho juu ya mdomo. Mwaka uliopita alishindwa fainali na mtaa wa Kadhimiya kwa ngumi moja, akaapa kulipiza. Kiapo hicho kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Baba Rafif, usiende," Rusul alimwambia alipomwona anavaa viatu.

"Mke wangu, mwezi wa pili huu naangalia kuta. Hata kuta zenyewe zimenichoka."

"Kuta hazina pumu. Mama yako anayo."

"Nitavaa barakoa."

"Na wao wakivaa, utasoma nini? Masikio?"

Ghazwan alitaka kucheka, akajizuia. Ndani ya moyo wake Rusul aliona ghala lile, pumzi mia moja chini ya dari moja, na kila pumzi ikirudi nyumbani kwa mama wa mtu.

Hapo Rafif, binti yao wa miaka mitano, akadakia, "Baba, cheza na sisi! Mimi ndio Kadhimiya!"

"Yaani nimefikia kuwa nahodha wa jikoni?"

Bi Naziha, mama yake Ghazwan, alikuwa amekaa kwenye mto wake karibu na jiko, shali mabegani. "Na ulijifunzia wapi kama si jikoni kwangu?" alisema. "Uso wa kwanza kuusoma ni wangu. Nenda basi, mwanangu, kimbia kama unaniogopa."

Hilo lilimchoma. Ghazwan alivua viatu. "Leteni pete," alisema, huku amenuna.

Bi Naziha alivua pete yake ya ndoa. Ghazwan akageukia ukuta, na Rusul, shali ikiwa imefunika mikono yao, akaitia katika ngumi ya Rafif. Kisha wakakaa watatu mstari mmoja, ngumi magotini. Mtoto alikodoa macho, mtulivu kama paka aliyeshiba.

Ghazwan aligeuka. Mwanzoni alipita nusunusu, kama mtu anayetimiza wajibu. Halafu damu ya mchezo ikampanda. Akainama mbele ya kila mmoja, akapiga kelele za kutisha, akanyamaza ghafla, akatazama. Alipofika kwa mama yake alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Mama, umezeeka kwenye mchezo! Shingo inadunda, jasho mdomoni, pumzi fupi. Leta pete! Mkono wa kushoto!"

Bi Naziha akafungua kushoto. Mtupu.

"Basi kulia."

Wa kulia nao mtupu.

"Ninayo mimi! Ninayo mimi!" Rafif aliruka akizungusha pete juu. "Kadhimiya tumeshinda!"

Rusul alianza kupiga makofi, kisha akaona uso wa mumewe, mikono ikamwishia hewani. Ghazwan alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama," alisema taratibu, "kama pete huna, unaficha nini?"

"Joto tu, mwanangu. Na saumu."

"Usoni kwako sijawahi kukosea."

Bi Naziha alitazama zulia. "Tangu juzi," alisema mwishowe. "Sikutaka kuwaharibia Idi. Na siku hizi wanaochukuliwa..." Hakumaliza. Mtaa mzima ulijua hofu ile: kuchukuliwa hospitali peke yako, na kama siku zimekwisha, kuzikwa mbali bila mkono wa mwanao.

Rusul aligusa paji la uso la Bi Naziha, likiwaka kama chuma cha pasi. Wiki nzima walikuwa wakipika bega kwa bega, na pumzi zile fupi alizidhania ni njaa ya mchana. Alilia, lakini huku akilia aliita gari la wagonjwa, akafunga nguo za mkwewe kwenye furushi, akatia na tasbihi yake.

Sattar alipopiga tena, Ghazwan alimwambia neno moja tu: mama.

"Mchezo umekwisha," Sattar alisema. "Nawarudisha watu makwao. Wewe sema unataka nini."

Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu yangekuwa mazungumzo mengine. Wao wakawekwa karantini, Ghazwan akipoteza ladha ya chai, na kila alasiri wakikuta mlangoni sufuria ya supu ya dengu isiyo na jina la mwenyewe. Idi ikaja ikapita. Rusul alioka kleicha, biskuti za tende za Idi, peke yake, akaziunguza.

Bi Naziha alirudi Idi ya watu imeshasahaulika. Alihitaji oksijeni bado, na wachezaji wa Fadhl, wale wale wa ghalani, walipokezana mitungi uchochoroni, barakoa usoni, Sattar akiwafokea wasiigonge.

Bi Naziha aling'ata kleicha ya Rusul, akatafuna muda mrefu. "Ngumu kama kokoto," alisema. "Alhamdulillahi."

"Bibi, tucheze!" Rafif aliomba.

Watatu wao walificha pete chini ya shali kama mara ile, kisha Bi Naziha akanyoosha ngumi mbili. Ghazwan alitazama shingo ya mama yake, tulivu. Juu ya mdomo hakuna jasho. Kifua kikipanda na kushuka polepole.

"Huna kitu, mama," alisema. "Mikono mitupu."

Bi Naziha akafungua mkono wa kulia. Pete ilikuwa imelala kiganjani.

Rusul hakuwahi kumwona nahodha akifurahia kushindwa namna ile. Alicheka mpaka akasujudu pale pale kwenye zulia, na Rafif akampanda mgongoni akidai peremende za mshindi.