Upindo wa Vidole Vinne

"Geuka," alisema Fundi, lakini kwa kuwa alikuwa amebana pini tano midomoni, ilitoka kama mtu anayeguna. Binti yake mkubwa, aliyesimama juu ya kigoda ndani ya gauni jeupe la harusi, akageuka. Miaka ishirini na sita na baba huyu ilimtosha kuielewa lugha ya pini.

Kilichomshinda ni uso. Fundi akibana pini hukunja midomo, midomo ikikunjwa nyusi nazo hufuata, basi kutwa anaonekana kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Wateja wapya humwogopa. Wa zamani huingia wakimwuliza, "Fundi, leo umemnunia nani?"

Leo bibi harusi hakuwa na hamu ya utani. Harusi ilikuwa keshokutwa.

"Baba, niambie ukweli. Humtaki yule kijana?"

Yule kijana alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mcheshi, mpole, kucha nyeusi kwa grisi. Fundi alitema pini kiganjani. Alitamani kusema anamtaka, ila kwa wiki tatu sasa, kila akishika kitambaa hiki moyo ulimwenda mbio na viganja vikatoa jasho. Siku hali hiyo ilipomwanza, fundi baiskeli alikuwa mlangoni akisalimia. Hapo Fundi akakata shauri kwamba mwili wake unamkataa huyo kijana, na hajawahi kumdanganya mwanawe.

"Sijui, mama. Nikimwona, moyo unanidunda. Sina amani."

Bibi harusi alishuka kwenye kigoda, macho yamejaa maji. "Basi nitamwambia leo leo. Siwezi kuolewa wewe ukiwa umenuna."

Mdogo wake, aliyekuwa mezani akishona vifungo, akaangua kicheko. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili akisomea saikolojia, amerudi kwa ajili ya harusi tu, na nyumbani walimwita Profesa, nusu kwa utani, nusu kwa fahari.

"Jamani, samahani. Baba, moyo ukidunda haukwambii ni kwa ajili gani. Ukikimbizwa na mbwa unadunda, ukifaulu mtihani unadunda vilevile. Akili ndiyo inayoangaza huku na huku kutafuta sababu, na mara nyingi inadaka iliyo karibu. Wapo wataalamu wanaosema hivyo. Wapo pia wanaobisha. Darasani tulibishana mpaka mwalimu akafunga vitabu akaenda zake."

"Kwa hiyo moyo wangu mjinga?"

"Hauna msamiati, baba. Na hizo pini ndiyo balaa. Wengine wanasema hata uso unaifundisha roho. Ukinuna kutwa, roho nayo inaiga. Hebu ng'ata hii."

Akamkabidhi penseli ya kuchorea kitambaa, ailaze kati ya meno. Mashavu ya Fundi yakapanda, meno yote yakatoka nje. Bibi harusi alimtazama, akajizuia, akashindwa. Fundi naye akajiona kwenye kioo, penseli ikaanguka kwa kicheko.

"Unajisikiaje?" aliuliza Profesa.

"Kama mwendawazimu."

"Mwenye furaha?"

"Kidogo."

Profesa akashona pedi ndogo ya vitambaa, akamfunga mkononi, akazichomeka pini zote humo. Bibi harusi akarudi juu ya kigoda shingo upande, bado hajapata jibu. Fundi akapiga magoti kumalizia pindo, midomo mitupu kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Baba, mbona pindo zito hivi?"

Fundi aliligeuza. Upana wa vidole vinne. Gauni la harusi hupindwa kidole kimoja, na hilo analijua hata mwanafunzi wa cherehani. Vidole vinne ulikuwa upindo wa sare za shule. Tangu mama yao alipofariki, kila mwaka alimshonea huyu binti sare yenye upindo wa vidole vinne, na kila aliporefuka alifumua kidogo, akashusha. Wiki tatu zilizopita mikono yake ilikata na kukunja hivyo hivyo bila kumwuliza mwenyewe.

"Nitarefuka tena?" binti aliuliza, akicheka kidogo.

Moyo ukaanza kudunda, viganja vikatoa jasho. Fundi alitazama mlangoni. Fundi baiskeli hakuwepo, wala mtu mwingine wa kusingizia. Mbele yake ilikuwepo miguu miwili ya mwanawe tu.

"Mwanangu," alisema, sauti ikimkatika, "kijana sina neno naye. Ni mzuri. Ni wewe. Naogopa asubuhi ya Jumapili nitakapoamka na nyumbani hakuna mtu wa kunigombeza. Nakupenda mpaka natoka jasho."

Binti alishuka, gauni na yote, akamkumbatia pale pale sakafuni. Walilia, wakacheka, wakashindwa kutenganisha kilio na kicheko.

"Nahamia mtaa wa pili, baba. Nikikohoa utanisikia."

Nje kengele ya baiskeli ililia. Moyo wa Fundi ukaruka tena. Akaweka kiganja kifuani, akausikiliza kwanza.

"Mwambieni aingie," alisema, huku akichukua mkasi. "Ngoja nipunguze huu upindo."

"Uache," alisema bibi harusi.

Fundi aliurudisha mkasi mezani. Akaukunja upindo upya, vidole vinne, akachomoa pini moja mkononi. Alikuwa ameshaanza kupiga mluzi kabla hajajua ni wimbo gani.