Wafasiri wa Wimbo wa Fundi

Mke wa fundi cherehani watu walimwita Spika, naye hakukasirika. Alisema afadhali hilo kuliko jina alilopewa mumewe: Kabati. Kabati alikuwa hajatamka neno kwa miaka saba. Hakuwa bubu, wala koo halikumuuma. Siku moja tu alifunga mdomo, mdomo ukakaa hivyo hivyo, na Spika akabaki na kazi ya kusema maneno ya watu wawili. "Fundi anasema urudi Ijumaa," aliwaambia wateja, na fundi, pini zimemjaa mdomoni, akatikisa kichwa. Hata wakigombana, Spika ndiye aliyejibu pande zote mbili. Mara mbili mumewe alishinda.

Jumatatu moja asubuhi Spika alikuwa anapiga pasi suruali ya mwalimu, akasikia nyuma yake sauti nzito, yenye kutu kidogo, ikiimba:

*Nimenyamaza mpaka kimya kimeota ndevu,*
*leo nafungua mlango, sauti yangu itoke,*
*neno nililolimeza bado lina moto.*

Aligeuka. Ni Kabati! Miguu inakanyaga cherehani, macho yameelekea darini, kidevu juu.

Spika aliisimamisha pasi. Kwa miaka saba alilala na kuamka na hofu moja: kwamba siku mwanamume huyu atakapofungua kinywa, neno la kwanza litakuwa kwaheri. Na sasa anaimba habari za milango!

Mwenye akili zake angemuuliza mwenyewe. Spika aliichomoa pasi, akatoka mbio kuita wafasiri: wifi yake, kinyozi wa mlango wa pili, na mwalimu, ambaye alikuwa njiani kufuata suruali yake. Wakajipanga juu ya marobota ya vitambaa.

"Wifi, jikaze," alianza wifi. "Mlango maana yake mwanamke. Kaka yangu namjua tangu utotoni, akinyamaza ujue kuna kitu anakila."

"Mwanamke gani?" kinyozi akadakia. "Hamkusikia ndevu? Mtu anataka kunyolewa, nyie mnamvunjia nyumba!"

Mwalimu alivaa miwani. "Tusikurupuke. Kimya ni jamii. Ndevu ni wakati. Moto ni elimu."

Fundi aliinua mkono. "Mimi nilikuwa..."

"Jirani, usituchanganye," alisema kinyozi. "Ndio kwanza tuko mstari wa pili."

"Lakini wimbo wenyewe..."

"Mtunzi hafafanui kazi yake," mwalimu alimkata kwa ukali. "Hata kwenye mtihani haruhusiwi."

Fundi akakunja mikono juu ya mapaja, taratibu, kama mtu anayeshusha pazia. Spika akashtuka. Mkunjo ule aliujua. Aliwahi kuuona siku moja, miaka saba iliyopita, akaupuuza.

"Nyamazeni wote!" alisema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: naye akanyamaza. Ilibidi aung'ate utepe wa kupimia. Jasho lilimtoka.

Fundi alimtazama, akasubiri, akahakikisha.

"Siku ile ulikuwa unapiga pasi suti ya mwalimu," alisema, "huku unanisimulia harusi ya binamu yako. Nikataka kukwambia kitu. Ukasema, ngoja nimalize."

Spika akautoa utepe mdomoni. "Halafu?"

"Hujamaliza."

Wafasiri walisogea mbele juu ya marobota yao.

"Ulitaka kusema nini?" aliuliza mwalimu.

"Pasi inaunguza suti."

Mwalimu alivua miwani. Kwa miaka saba alikuwa ameamini alichoambiwa na Spika, kwamba tundu lile la makalioni ni la panya. Alishangaa tu kwamba panya wa mtaa huu wanatafuna kwa pembe tatu.

"Si ungeiondoa tu pasi kwa mkono?" alimuuliza fundi.

"Nilikuwa nasubiri."

"Na leo?"

"Aliniambia ningoje kusema. Kuimba hakunikataza."

Spika alikuwa hasikii habari za suti. Alimshika mumewe mkono wa shati. "Kwa hiyo huondoki?"

"Niende wapi, mama, wakati sijui ile harusi iliishaje? Bwana harusi aliporuka dirishani, aliangukia wapi?"

Spika alicheka mpaka akalia. Alivuta pumzi aanze kusimulia, lakini fundi alikuwa amemtangulia. Miaka saba ilikuwa imejaa kifuani, na sasa ilitoka kwa mpangilio, siku baada ya siku, huku akishona aproni ya kinyozi. Wafasiri waliondoka mmoja mmoja. Alipofika Alhamisi ya wiki ya kwanza, Spika aliona kwamba aproni imeshonwa pamoja na pindo la shati la fundi mwenyewe.

"Mume wangu, hebu..."

Fundi aliinua kidole. "Ngoja nimalize."

Spika alivuta kiti, akakaa, akaung'ata tena utepe.