Nyasi za Chini ya Milingoti

Clifford Oldroyd alipowaona wapima ardhi kwenye uwanja wa raga wa mji wa Ackerby, hakuwauliza kitu. Alisimama uzioni, pai yake ya nyama ikapoa mkononi. Klabu ilisema wamekuja kwa ajili ya mitaro ya maji, lakini mwenye kutengeneza mitaro hapimi geti, na hawa walipima geti, wakapima na barabara.

Klabu ile ya raga waliianzisha wachimba makaa, na uwanja waliusawazisha kwa makoleo yao wenyewe wakitoka zamu. Ikachukua kombe, ikalipa wachezaji, ikajaza majukwaa. Mgodi ulipofungwa ikaanza kushuka daraja, na kila iliposhuka alikuja mwenyekiti mpya mwenye suti nzuri kuliko ya mwenzake, akaahidi kuipandisha. Kwa Clifford wote walikuwa sawa. Wakubwa hula nyama, mashabiki hutupiwa mifupa.

Hayo angeyameza, lakini Enid alikuwa pale. Mkewe huyo aliusia mwili wake uchomwe na majivu yamwagwe chini ya milingoti ya goli upande wa mgodi, kama walivyofanyiwa wengi wa Ackerby. Clifford hakuwa na kaburi lingine la kwenda. Kila siku ya mechi alifika mapema akamweleza nani kaumia na nani hafai.

Mwenyekiti wa sasa, Gareth Pickersgill, alimkuta uzioni akamshika bega. Akasema ni mitaro tu, maji yanatuama, na hizo habari za uwanja kuuzwa ni porojo za baa.

"Lisemwalo lipo," Clifford alimjibu.

"Mzee Cliff, baba yangu si yuko pale, milingoti ya upande wa pili? Mimi nimuuze baba yangu?"

Clifford aliondoka akijilaumu kwa kumdhania mtu vibaya, lakini kabla hajafika nyumbani neno lile likaanza kumwasha. Mbona kamtaja marehemu, na hakuna aliyemwapisha?

Jumapili, kabla ya mechi, alivuka uwanja mpaka milingoti ya pili, akainama. Nyasi zote zilikuwa zimevurugwa na matope ya Machi, isipokuwa kipande kimoja cha mraba, kibichi kama kabichi. Aliingiza vidole pembeni, kikanyanyuka kama kifuniko cha sufuria.

Mtunza uwanja, Dougie Lumb, alimjia akihema. "Kiache hicho, Cliff. Hakijashika mizizi."

"Cha zamani kakikata nani?"

Dougie alitazama jukwaa la wakubwa, kisha viatu vyake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alikatazwa kusema. Bwana Pickersgill alikuja na gari akamchukua baba yake, udongo na nyasi zake, akaenda kumpanda bustanini kwake.

"Na wetu?"

Clifford akamwomba sepetu, naye Dougie akampa.

Timu zilikuwa zinaingia. Refa alipuliza filimbi kumtaka atoke, lakini Clifford alishapiga magoti upande wa mgodi, anakata taratibu asimwage hata punje.

"Babu Cliff, umesajiliwa lini?" mtu alimtania kutoka jukwaani, watu wakacheka.

"Mwenyekiti kashamhamisha wa kwake," Clifford alisema bila kugeuka. "Mimi namchukua wangu."

Kicheko kikakatika. Ivy Garside, ambaye mumewe alimwagwa palepale, alishuka ngazi akishikilia chuma, akavuka mstari mweupe na viatu vyake vya kanisani, akasimama pembeni yake.

"Ukimaliza," alisema, "nipe na mimi hiyo sepetu."