Flaiwili Nyepesi

Fundi wa magari alisimama nje ya uzio wa uwanja wa mtihani wa udereva, vidole vimeng'ang'ania waya. Ndani, mkewe alikuwa kwenye usukani wa gari lao, mtahini kando yake. Kupita katikati ya vigingi alishamaliza. Kurudi nyuma alishamaliza. Kilichobaki ni kilima.

Jumamosi mafundi wenzake walimtania kwamba gari lake zito kama kabati la nguo. Mtu mzima na akili zake, akapandwa na mori. Akashusha giaboksi, akatoa flaiwili, lile duara zito la chuma linaloipa injini utulivu, akafunga nyepesi aliyoitamani siku nyingi. Kweli bwana, ukigusa mafuta tu gari linaruka. Ila ukiondoka taratibu, hasa mlimani, linazima. Yeye hilo hakulijali, maana mguu wake umezoea. Nyumbani hakusema kitu. Mtihani si ulikuwa mwezi ujao? Mpaka hapo angekuwa ameshairudisha ya zamani.

Jumatatu jioni mkewe akaingia, uso umechanua. Nafasi imepatikana, mtihani ni kesho asubuhi! Alishafeli mara mbili, na aliapa kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Hapo ndipo fundi alipopaswa kufungua mdomo. Badala yake akauliza chai iko wapi.

Asubuhi, njiani, akajitia kuelekeza.

"Leo kilimani ongeza mafuta kidogo."

"Kwa nini leo?"

"We ongeza tu."

"Baba watoto, usinichanganye. Nitafanya vilevile ulivyonifundisha."

Na ndivyo alivyofanya. Alisimamisha gari katikati ya kilima, akavuta breki ya mkono, akaachia klachi polepole, akiisikiliza injini kama alivyofundishwa. Gari likatetemeka, likazima. Mkewe akawasha tena. Likazima tena. "Mafuta, mama, mafuta!" alinong'ona peke yake, akikanyaga vumbi kwa mguu wa kulia. Mara ya tatu gari likarudi nyuma, na mtahini akainua mkono.

Mkewe alitoka bila kulia. Bora angelia.

"Ni mguu wangu," alisema walipokuwa wakiondoka, fundi akiendesha. "Nimekubali. Kuna watu tumeumbwa kupakiwa tu. Usinifundishe tena."

Fundi hakukata kona ya nyumbani. Alinyoosha mpaka gereji, akaingia chini ya meza ya kazi, akavuta gunia, akamwekea mikononi. Mkewe aliyumba kwa uzito.

"Ndio nini hii?"

"Huo ndio mguu wako," akasema. "Niliutoa kwenye gari Jumamosi. Nimefunga nyepesi. Hata mimi nikiondoka taratibu kilimani linanizimia."

Mkewe akachungulia kile chuma ndani ya gunia, kisha akamtazama yeye. Alimtazama mpaka fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kwa hiyo jana, nilipokuja na habari yangu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakuitua ile flaiwili. Alivuta kiti kwa mguu, akaketi, akaipakata mapajani kama mtoto.

"Shusha giaboksi," akasema. "Nipo hapa nakuangalia. Na leo usiniulize habari ya chai."