Ampea Saba za Pugu

Asubuhi ya Jumatatu moja ya mwaka 1993, fundi Gozbert alipanda juu ya karavani iliyoachwa Pugu na wajenzi wa barabara, akafunga paneli nne za jua. Karavani ilikuwa imegeuzwa kliniki ya watoto, na betri zake zilitakiwa kuendesha friji ya chanjo. Paneli zilitoa ampea kumi na mbili. Rigaleta, kile kiboksi cha kupitisha chaji kwenda kwenye betri, ilipitisha tano tu. Kwenye karatasi za mradi iliandikwa rigaleta ya ampea ishirini.

Ampea saba zilizokosa njia zilianza kudondoka chini ya karavani mnamo saa nne, nyeupe, nzito kidogo kuliko maji. Nesi Badriya akakinga karai. Lilipojaa akakinga ndoo. Kufikia Ijumaa wanawake walikuwa wamepanga foleni, maana mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto na mafuta ya taa yalikuwa hayashikiki. Mwanga ulibebwa kichwani, umefunikwa kanga usimwagike njiani, na kikombe kimoja kilitosha kuangaza chumba. Wenye utani walisema Pugu sasa ina bwawa lake la umeme.

Friji, kwa upande wake, haikushika baridi. Kila alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tano, na chanjo ya surua ikamwagwa. Gozbert alikwenda Mikocheni kwa mratibu wa mradi, Bwana Projestus, akaikuta rigaleta ya ishirini ukutani kwake, ikilisha betri ya televisheni. Mratibu hakuona haya. Alimkaribisha chai, akamweleza kuwa wafadhili wameshapelekewa picha za ndoo na wamefurahi mno; kubadilisha kifaa sasa ni kuwanyima wananchi mwanga. Gozbert alikunywa chai ile. Inachukiza, lakini aliinywa.

Surua iliingia Pugu mwezi wa nane. Zuena, aliyerudishwa kliniki mara tatu bila mwanawe kuchomwa sindano, alimzika siku ya Alhamisi. Jumatatu alikuwa kwenye foleni kama wengine. Giza halijui matanga.

Badriya aliipokea ndoo ya Zuena, akaisogeza chini ya karavani. Hakulia, machozi yalimwishia tangu shehena ya pili ya chanjo ilipomwagwa.

"Nusu inatosha, sista," Zuena alimwambia. "Siku hizi tuko wawili tu."