Anayejibu Yuko Wapi

...na ndiyo, hapo hapo, shairi la kwanza mke anamsimanga mumewe beti sita nzima, la pili mume anamlilia mke aliyemfungia mlango, na Vumilia tangu juzi anayasoma kama vitu viwili, hasira huku, majuto kule, insha ya kulinganisha imelala mezani kama uji wa jana, kumbe ni kitu kimoja, kalamu inakimbia, katika yote mawili anasema mmoja tu, mwenzake hapewi hata mstari, jamani, hata mstari!... "Mwalimu, chai inapoa," Ernest anaita kutoka jikoni, zamani alikuwa akimwita Mama Shukrani, ngoja kwanza, wazo lisipotee, mhadhiri wake wa chuo atashangaa, mwanafunzi bibi mzima huko Lushoto kaona hili... andika, mke anauliza maswali na hangoji majibu, kama mwalimu anayeuliza darasa kisha akajijibu, anacheka peke yake, mfano mzuri, ameuishi akifundisha Darasa la Pili, simama wima, sema kwa sentensi kamili... kicheko kinakatika, maana anakumbuka Jumapili ile, wametoka ibadani, wifi yake Paskalina ameketi hapa anamenya peasi, Ernest alisema, nimekosa, Mama Shukrani, kuuza ndama bila kukuambia, na yeye akajibu nini, akajibu, simama wima, sema tena kwa sentensi kamili, na Ernest alisimama, Mungu wangu, baba mzima na koti lake la kanisani, akasema tena, Paskalina macho kwenye peasi, na Ernest alitaka kuongeza kitu, mdomo ulikuwa bado wazi, yeye akamwambia, vizuri, kaa... tangu siku hiyo ni Mwalimu hivi, Mwalimu vile, na leo begi la Ernest liko mlangoni, anakwenda Mtae kwa mama yake kuvuna viazi, atarudi lini hasemi, gari halijapiga honi bado... na ndama, ndama aliuzwa kwa nini? hajui, anashtuka, hajui kwa sababu hakuuliza, zile beti sita ni zake yeye, na ajabu haoni huzuni, anaona furaha ya mtoto aliyesoma neno lake la kwanza, shairi likishaandikwa haliongezwi mstari, lakini Ernest yupo pale, kijiko chake kinagonga kikombe, atamuuliza swali moja tu, kisha atanyamaza, jibu lije nusunusu, lije limepinda, atanyamaza mpaka liishe... "Mwalimu, chai," kalamu bado iko mkononi, sentensi bado haijafika nukta, na koo lake, lililozoea kuita, linaitika,

"Abee, Baba Shukrani."